Kwa wajukuu zangu mnaokua baba akiwa mbali

Wajukuu zangu, salaam.

Mmeniuliza zaidi ya mara moja: mvulana anakuwa mwanamume lini, ikiwa baba hayupo nyumbani wa kumwambia? Nami nilikua hivyo hivyo, na jibu lililonituliza nililipata ukubwani, katika utenzi wa Kigiriki wa Homer uitwao Odyssey.

Telemachus alikuwa mtoto mchanga baba yake, Odysseus, alipoondoka kisiwa chao cha Ithaca kwenda vitani katika mji wa Troy. Vita vilikula miaka 10, na safari ya kurudi ikala 10 mingine. Huku nyumbani wanaume 108 wamejazana wakimposa mama yake, Penelope, wakichinja mifugo na kunywa divai isiyo yao. Kijana ameketi katikati yao, anawaza tu: laiti baba angetokea mlangoni akawatimua.

Athena, mungu wa kike, akamjia kwa sura ya mgeni, akamwambia utoto sasa basi. Telemachus akaitisha baraza, la kwanza tangu baba aondoke. Alisema kwa uchungu, mwishowe akaitupa chini fimbo ya msemaji na kububujikwa machozi mbele ya watu wote. Msimcheke. Kisha akapanda chombo kwenda Pylos kwa mzee Nestor, aliyepigana Troy pamoja na baba yake, na alipofika pwani miguu ikawa mizito: aliona haya, kijana kama yeye kumhoji mtu mzima. Lakini aliuliza. Akaenda hadi Sparta, akarudi na fununu kwamba baba yu hai, amezuiliwa kisiwani.

Kuna jambo alilofanya msiliige. Siku ile ile Athena alipomtembelea, alimwambia mama yake apande juu kwenye kazi yake ya kufuma, kwa kuwa kusema ni kwa wanaume. Mama aliyemlea peke yake miaka yote hiyo! Wengi huhesabu hapo ndipo alipokomaa. Mimi nasema hapo alikuwa bado mtoto.

Ninachotaka mkitazame ni upinde. Odysseus amerudi, amejivika matambara ya ombaomba, na mwanawe peke yake humo ukumbini ndiye anayemjua. Penelope ameleta upinde wa mumewe: atakayeweza kuupinda na kuutia uzi, kisha apitishe mshale katika mashoka, ndiye atakayemwoa. Telemachus akajaribu kuupinda mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ya nne angeweza. Uzi ulikuwa unakaribia kushika. Baba akamwashiria kwa kichwa: acha. Akauweka chini, akajiita mnyonge mbele ya watu wale wale waliokuwa wakimdharau. Hebu jiwekeni mahali pake. Nguvu unazo mkononi, aibu imekukodolea macho, nawe unaiachia nafasi hiyo ipite kwa sababu wakati wake haujafika.

Jingine lilitokea baadaye, Odysseus na mwanawe walipokuwa wakipigana na wale waposaji humo ukumbini. Ghafla maadui wakaonekana na ngao 12, mikuki 12 na kofia 12 za vita. Odysseus akashtuka, akataka kujua ni nani aliyewafungulia ghala la silaha. Labda mjakazi mmojawapo, labda Melanthius mchunga mbuzi. Ilikuwa rahisi kunyamaza, lawama zikawaangukia wengine. Telemachus akamwambia baba yake kwamba kosa ni lake, la mwingine yeyote halimo: yeye ndiye aliyeuacha mlango wazi.

Kisha akamgeukia Eumaeus, mchunga nguruwe, akamtuma akaufunge.

Wenu,
Babu