Kuhusu mzizi wa hopsi ulioniomba

Yakima, Washington
7 Septemba

Mangi wangu Elia,

Shimboni! Mama hajambo? Na migomba? Sisi huku tu wazima. Ujumbe wako ulinikuta mikono imejaa mikwaruzo, maana hopsi, mmea wa kupanda kambani ambao maua yake hutia bia uchungu, ina vinywele vikali, na wiki hii nimekuwa nikivuna.

Ule mzizi ulioniomba upande kihambani, shambani pale nyumbani, sitautuma, na si uchoyo. Mimea haivuki mipaka hivihivi. Halafu hopsi inafuata jua. Huku tuko nyuzi 46 kaskazini, na mwezi wa sita mchana una saa karibu 16. Siku hizo ndefu ndizo zinazoipandisha kambani mita tano, sita. Mchana ukianza kupungua ndipo inatoa maua. Hapo Kibosho, Kilimanjaro, mchana ni kama saa 12 mwaka mzima. Ingechanua ingali fupi, ukaambulia vimaua vichache.

Natamani ungeyaona maua yenyewe. Mmea wangu ni Cascade, aina iliyotolewa Oregon mwaka 1972, mmea jike, maana dume halina kazi kwa mpika bia. Mwaka wa kwanza nilipata konzi mbili tu. Huu ni wa tatu, nimejaza ndoo mbili. Ukilipasua ua kwa ukucha, kwenye shina la kila jani dogo la ua unakuta unga wa njano unaonata kama utomvu, unanukia ganda la balungi. Uchungu na harufu vyote vimo humo.

Mwaka jana nilichemsha maua mabichi kwa kipimo cha makavu, bia ikatoka tamu, imepooza. Kumbe sehemu kubwa ya ua bichi ni maji. Yanataka uzito mara nne, tano zaidi. Safari hii nimeyaanika kwenye wavu. Maji ya kimea cha shayiri nayachemsha saa nzima: konzi ya kwanza natia mapema, kwa kuwa uchungu hautoki bila kuchemka sana, na ya pili dakika tano za mwisho, maana harufu hupaa na mvuke. Nikishapoza natia hamira, naacha wiki mbili.

Juzi nikikoroga sufuria nilimkumbuka bibi na magome yake ya msesewe. Alikuwa akiyatia kwenye uji wa kimea cha ulezi kabla ya kuuchanganya na ndizi, nami nikidhani ni dawa ya tumbo. Kumbe ni kazi ileile, kuukata utamu wa mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi. Elia, hopsi yako unayo hapo mlangoni! Ila magome yale yakizidi yanadhuru, na kipimo chake wanakijua kina mama wachache waliobaki.

Kwa hiyo nina ombi. Kaa na mama siku anayopika. Muulize debe moja anatia magome kiasi gani, na anayachemsha mpaka yaweje. Kipimo chake usikigeuze kuwa gramu. Niandikie kama atakavyokuonyesha kwa kiganja.

Wako,
Ndugu yako wa Yakima