Makarani tufunzwe kuandika programu, si kubonyeza tu

Mhariri,

Gazeti lako nimelisoma miaka mingi bila kukuandikia. Ripoti ya juzi iliyosema sisi makarani wa Mombasa twaiogopa kompyuta imenishinda kunyamaza.

Hatuogopi. Mimi natoa mizigo bandarini tangu zama za taipureta. Simba, mfumo wa kompyuta wa forodha, ilipoingia 2005 tukaijua, ukaja mfumo mwingine tukaujua. Lakini kila mara tulifunzwa kubonyeza hapa, kisha pale. Skrini ikibadilika, elimu yote imekwisha.

Mwaka jana, Ijumaa jioni, niliandika namba ya kontena nikapindua tarakimu mbili, 83 badala ya 38. Lori likaenda Kilindini likarudi tupu. Kontena likalala hadi Jumatatu, gharama ikapanda, na mimi nikakatwa mshahara miezi miwili. Binti yangu, anayesoma chuo, akaniambia, "Baba, ile tarakimu ya mwisho iliyochorewa kisanduku mlangoni mwa kontena haikuwekwa bure." Wallahi sikujua! Namba ile ina herufi nne na tarakimu saba. Kila herufi ina thamani yake ya namba. Ukianzia herufi ya kwanza, unazidisha thamani ya kwanza kwa 1, ya pili kwa 2, kisha 4, 8, hadi ya kumi kwa 512, halafu unajumlisha. Jumla unaigawa kwa 11, na baki ndiyo tarakimu ya mwisho. Likibaki 10, huandikwa 0. Tuliketi mezani tukaandika programu ya mistari kumi na mitano, nikaipa namba yangu ya Ijumaa ile, ikaikataa papo hapo. Miezi miwili ya mshahara, na dawa yake ni mistari kumi na mitano!

Na hawa vijana wa kompyuta maofisini, ukimuuliza jambo anakupokonya mausi, anabonyeza mara tatu, huyo ameondoka. Haoni kuwa mimi nina umri wa baba yake. Kesho litaharibika lile lile.

Mwaka 2022 mtaala wa kuandika programu uliidhinishwa kwa shule za msingi na sekondari. Vyema. Na sisi tulioko kazini? Waajiri waziache semina za siku mbili katika hoteli za Nyali. Pesa hizo zimlipe mwalimu mmoja mvumilivu, kila Jumamosi saa tatu hadi saa sita, miezi mitatu, mahali karibu na Makadara ili wa Likoni na wa Kisauni tufike sote. Somo la kwanza liwe tarakimu ile ya kisandukuni. Mimi nitakuwa mlangoni saa mbili na nusu.

Karani wa forodha,
Majengo, Mombasa