Walio mbali waambiwe kwanza kabla msiba haujatiwa mitandaoni

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wenzangu wa Mombasa, hasa vijana wenye simu na maadmini wa magrupu ya mtaa, kuhusu hii tabia ya kutangaza msiba wa watu kabla watoto wa marehemu hawajaambiwa. Mtu amekata roho alfajiri, jua halijapanda picha yake iko Facebook na kwenye stetasi za nusu ya mtaa, na mwanawe aliyeko Saudia anadeki nyumba ya watu hajui lolote.

Yametufika sisi. Baba yetu alifariki ghafla hapa Majengo, hakuugua, aliswali alfajiri msikitini akarudi akajinyoosha kidogo akaomba maji, maji yalipokuja ndio basi tena. Na sisi Waislamu maiti hatumkawizi, kwa hivyo mtu akifa asubuhi alasiri ashazikwa, na hapo katikati kila mmoja ana lake, huyu kaenda kwa naibu wa chifu kutafuta kibali cha kuzika manake mzee kafia nyumbani, yule yuko Kikowani na wachimba kaburi, mwengine kaenda kununua sanda, mwengine yuko msikitini watu watangaziwe. Wa kupiga simu nje hapangwi mtu! Kila mmoja adhani mwenzake kashapiga, na hapo ndipo jirani anapoingia na meseji yake.

Binamu yetu yuko Muscat. Yeye aliandikiwa na mtu ambaye hata hawajuani sana, "makiwa dada, mzee alikuwa mtu wa watu", akabaki kuuliza makiwa ya nani, akapiga simu hii haishikwi, akapiga ile haishikwi kwa vile sote tulikuwa mbioni, akakaa hivyo asubuhi nzima hajui kama ni babake au ni ami yake. Huyo aliyeandika sidhani alikuwa na nia mbaya, lakini nia nzuri haikumsaidia binamu yetu kitu.

Dadangu naye yuko Riyadh, kazi za nyumbani, na simu yake huishika usiku akishamaliza kazi. Baadhi ya wazee wakashauri aambiwe baba mgonjwa sana, kisha pole pole ndio aelezwe. Nawaheshimu wazee wangu lakini hapo nilikataa na nitakataa siku zote. Ukimwambia baba mgonjwa ataanza kumwombea shifaa, atalilia ruhusa, atakopa pesa atume za hospitali, na wewe huku ushatoka makaburini. Siku akijua atakumbuka zile saa zote alizokuwa akimwombea maiti apone, na siku ukimwambia mama hajambo hatokuamini.

Kwanza tulimtafuta rafiki yake, msichana wa Kisauni anayefanya kazi mtaa huohuo, tukamwomba akiweza aende akae naye. Kisha ami, kwa vile Kiarabu anakijua, akampigia mama mwenye nyumba akamweleza, na nashukuru yule mama alielewa akampa dadangu simu palepale. Nikamwambia vile ilivyo, "mdogo wangu, baba amefariki asubuhi hii, inna lillahi wa inna ilayhi rajiun", nikanyamaza. Watu wengi wakishasema hilo huunganisha na mawaidha marefu ya subira, nadhani ni kwa kuogopa kile kilio, lakini mwache alie na usikate simu.

Alipotulia akaanza kuuliza. Jana usiku alikula nini, nani alikuwa naye, alivaa kanzu gani, alinitaja? Vitu ambavyo sisi tuliokuwa nyumbani hatukuviona kuwa ni vitu, yeye ndivyo alivyovitaka, ikabidi mama aitwe amweleze mwenyewe kwamba alikula mkate wa mofa na mchuzi wa papa akausifu, na kwamba juzi alikuwa akiuliza huyu mtoto mbona hajapiga. Mama alisita kulisema hilo, lakini dadangu hujishikiza nalo mpaka leo. Halafu akaomba aonyeshwe uso kabla haujafunikwa. Ami hakupenda mambo ya simu mbele ya maiti, akafikiri, akasema ni mwanawe ana haki. Tukampigia kwa vidio, hakuna aliyepiga picha wala kurekodi.

Kuja hakuweza. Viza ya kutoka na kurudi iko mkononi mwa mwajiri, Saudia ililegeza masharti hayo 2021 kwa wafanyakazi wengi lakini wa nyumbani hawakuingizwa, na hata angeachiliwa asingefika kabla ya alasiri. Imamu wetu ndiye aliyetukumbusha swala ya ghaibu, yaani kumswalia maiti ukiwa mbali naye, kwamba kwetu sisi Mashafi, wafuasi wa madhehebu ya Imamu Shafi, yafaa, na Mtume (s.a.w.) alimswalia Najashi, mfalme wa Uhabeshi, yeye akiwa Madina. Tulipomaliza kuzika nikampigia tena nikamwambia, akaswali chumbani mwake na yule rafiki yake. Nawaomba maimamu walitaje hili kwenye hotuba za Ijumaa, manake watoto wetu wengi wako Ghuba na hawajui kama wana la kufanya kule waliko.

Kwa nyinyi maadmini, msipandishe tanzia ya mtu mpaka mtu wa nyumba ile aseme sawa. Zamani tanzia tulizisikia redioni, lakini zilipelekwa na wenyewe wenye msiba, sio mpita njia. Na wafiwa, kabla hamjagawana kazi za kibali na kaburi mtoeni mtu mmoja asiye na kazi nyengine ila simu, akae kando na majina ya wote walio nje aanze na watoto. Riyadh saa zao ni sawa na zetu, Muscat wametupita kwa saa moja tu, kwa hivyo asiseme yeyote kwamba aliogopa kumwamsha mtu.

Wasalaam,
Msomaji wenu,
Majengo, Mombasa