Amri ya barakoa madukani ataisimamia nani?

Ndugu Mhariri,

Wiki hizi mbili wasomaji wako wamekuwa wakidai itolewe amri ya kuzuia korona: asiyevaa barakoa asihudumiwe dukani, na mwenye duka atakayemhudumia atozwe faini. Mimi ni mwenye duka hapa Wete, duka la vyakula la mlango mmoja. Barakoa siipingi. Ninayo usoni tangu Februari, tulipomzika kule Mtambwe Maalim Seif, Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar, aliyekuwa ameugua korona, na sijaivua hata siku ambazo wateja wamenicheka. Ninalouliza ni hilo tu: amri hiyo ataisimamia nani? Maana naona wote wanaoandika wananitazama mimi.

Basi nilieleze duka lenyewe. Kaunta iko mlangoni kabisa. Mteja husimama barazani, liwe jua au mvua, na ndani hamna nafasi ila ya magunia na mimi. Huyo tuseme yumo dukani au yuko njiani? Chini ya kaunta kuna daftari. Nusu ya nyumba za mtaa huu zimo humo, kila nyumba na ukurasa wake, na watu hulipa samaki wakipatikana au karafuu zikishauzwa. Wiki iliyopita alikuja mzee jirani yangu, ambaye namwamkia shikamoo tangu niko chuoni na juzuu yangu kwapani. Nikamwambia, "Mzee wangu, barakoa." Akanitazama kitambo, akavuta ncha ya shuka lake la begani, akajiziba mdomo. "Haya, nshavaa. Nipimie sukari nusu, uandike." Nikapima, nikaandika. Ningefanyaje? Nikimrudisha, ataingia duka la pili hapo hatua kumi na tano, na shilingi 42,000 zangu zitaondoka naye.

Kuna wanaotoa mfano wa mifuko ya plastiki. Mbona ile tuliweza? Kweli, Zanzibar iliipiga marufuku 2006, Bara wakatufuata Juni 2019. Lakini mfuko ulikuwa mali yangu. Mimi ndiye niliyeununua na mimi ndiye niliyeutoa, na mkaguzi akija alipekua chini ya kaunta yangu: ukikutwa, umekutwa. Tena kabla ya kunifikia mimi ulikuwa umepita bandarini kwa marobota. Barakoa iko mfukoni mwa mteja, au haiko kabisa. Kunitoza mimi ni kunitoza kwa uso wa mtu mwingine.

Mfano unaotufaa sisi Wapemba ni karafuu. Sheria inasema mnunuzi ni mmoja tu, ZSTC, shirika la biashara la serikali ya Zanzibar. Miaka nenda miaka rudi vikosi vilikesha ufukweni, na karafuu zikapita bandari bubu usiku kwenda Kenya. Askari hawakuyamaliza magendo. Yalipungua mkulima alipopandishiwa bei 2011, akaona hana sababu ya kuhatarisha ngalawa yake.

Kuna mwenzangu mmoja aliandika kwamba Uingereza waliweza kwa sababu sheria yao ina meno. Mtoto wa shangazi yangu yuko London, tulizungumza naye kwa simu. England walianza kulazimisha barakoa madukani tarehe 24 Julai 2020, faini pauni 100, na tarehe 19 Julai 2021 wakaiondoa. Ila faini ya mteja asiyevaa ilikuwa ya mteja mwenyewe, haikuwa ya muuzaji, na wa kutoza alikuwa polisi. Watoto wa chini ya miaka 11 waliachiwa, na wenye maradhi waliachiwa bila kudaiwa cheti. Anasema wengi walivaa, na asiyevaa wafanyakazi walimwacha apite, maana hakuna aliyetaka kupigwa kwa ajili ya mkate. Hayo ni maduka yenye walinzi na kamera. Mimi nina paka.

Na hata penye mlinzi tumeyaona. Ofisi moja hapa kisiwani ilitangaza kuwa bila barakoa huingii. Nilisimama foleni pale. Aliyetoka akaivua yake, akampa aliyekuwa mbele yangu, naye akaivaa ikiwa bado na unyevu wa pumzi za mwenziwe. Kijana mmoja kando ya ukuta alikuwa nayo ya kukodisha, shilingi 200. Mlinzi aliyaona yote hayo, akafungua mlango. Amri imetekelezwa.

Halafu kuna dada zetu wa nikabu. Kitambaa chepesi kile kinahesabiwa au hakihesabiwi? Mkaguzi gani atathubutu kumwambia mke wa mtu anyanyue tuone kilichomo ndani? (Barakoa yenyewe, kabla ya kuwa neno la hospitali, ilikuwa vazi la mabibi wa hapa Visiwani waliojifunika uso.)

Kama serikali inataka kulazimisha, ianze boti. Kutoka Pemba hadi Unguja tunakaa saa kadhaa tumebanana, madirisha yamefungwa, mtoto wa huyu anatapika mapajani mwa yule. Pale tiketi inakaguliwa kwa kila mtu, mkaguzi analipwa mshahara, na abiria hana boti ya pili hatua kumi na tano. Barakoa ziuzwe dirishani pamoja na tiketi, asiyevaa asipande. Benki nako hivyo hivyo. Huko amri itashika.

Sisi wa mlango mmoja tuacheni na faini, tusaidieni bei. Fundi cherehani wa hapa jirani anashona za vitambaa kwa shilingi 1,000, za kufua na kurudia. Pesa hiyo ni mchele wa mlo mmoja kwa watu wawili, na ndiyo maana watu wanavaliana. Nikiletewa kwa bei ya chini nitaziuza kama ninavyouza viberiti, na asiye na pesa nitamwandika.

Nimeshaanza kwa mfuko wangu. Nimezitundika kwenye msumari karibu na mizani. Tangu Jumatatu zimetoka saba, tano kwa mkopo. Mzee wa sukari hajachukua, ila jana alisimama hatua mbili mbali na kaunta, akaagiza mafuta ya taa kwa sauti ya kuadhini.

Mwenye duka,
Wete, Pemba
Agosti 2021