Malalamiko kuhusu madekio yenye chupa ya sabuni

Mwanjelwa, Mbeya.
14 Julai 2025

Meneja wa Huduma kwa Wateja,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

YAH: KASORO KATIKA MADEKIO MANNE

Tarehe 2 Juni nilinunua kwa wakala wenu wa hapa Mwanjelwa madekio manne yenye chupa ya sabuni kwenye mpini, kwa ajili ya nyumba yangu ya wageni. Yote manne yana kasoro ileile, ambayo haitokani na matumizi mabaya bali na namna yalivyobuniwa.

Chupa imefungwa kichwa chini, na kizibo chake hakina tundu la kupitisha hewa. Mhudumu akibonyeza kitufe cha kutoa sabuni mara nane au tisa, sabuni inakata na ubavu wa chupa unabonyea ndani kama pakiti ya maziwa inayofyonzwa kwa mrija. Mwanzoni tulidhani ni baridi ya Julai, ambayo huku kwetu huifanya sabuni ya maji iwe nzito, tukaizimua kwa maji ya uvuguvugu. Hali ikabaki vilevile. Ndipo binti anayesafisha vyumba alipogundua kwamba akilegeza kizibo kidogo, chupa hukoroma, hurudia umbo lake, na sabuni hushuka, ila hushuka ovyo, ikipita pembeni ya kizibo na kuchuruzika kwenye mpini hadi sakafuni.

Sakafu zangu ni za saruji iliyopakwa polishi nyekundu. Asubuhi ya tarehe 9 Julai nilikuta koridoni, dekio lilipoegemezwa usiku, duara lililopauka lenye upana wa sahani, na mgeni mmoja alikuwa ameshateleza hapo. Namshukuru Mungu hakuumia.

Wakala wenu amenijibu kwamba ndivyo yalivyotengenezwa, jibu ambalo kwa kweli ndilo lalamiko langu lenyewe. Fundi baiskeli jirani yangu alitoboa chupa moja kwa sindano ya moto kwenye kitako, ambacho ndicho kinachokaa juu, na dekio hilo halijakata sabuni tangu siku hiyo, ingawa likilazwa linavuja. Kijimpira cha kuingiza hewa bila kutoa sabuni kingemaliza tatizo, na hiyo ni kazi yenu, si ya fundi baiskeli.

Naomba mnirudishie Sh 112,000 nilizolipa, au mnipatie chupa nne zilizorekebishwa, ndani ya siku 14. Nisipopata jibu, nitalipeleka suala hili Tume ya Ushindani. Nakala ya risiti na picha za chupa zilizobonyea nimeziambatanisha.

Wako mwaminifu,
Mmiliki wa nyumba ya wageni