Somo, ngoma nimezibakiza

Walukuba, Jinja
Jumapili jioni

Somo yangu mpenzi,

Barua yako imenifika Ijumaa. Nimeisoma mara tatu, na kila mara naishia palepale ulipopiga mstari: toa ngoma zote za breki, weka breki za diski, usituletee msiba. Najua umeandika kwa mapenzi. Ndiyo maana sikutaka kukujibu kwa simu. Jambo hili ni refu, na nataka unisikilize mpaka nifike kwenye masta silinda, ile pampu kuu ya breki, kwa kuwa hapo ndipo penye uzito wenyewe.

Ngoja nianze na gari, maana hujaliona.

Ni Volkswagen ya mwaka 1967, ile ya mgongo wa kobe, injini ya 1300, rangi ya samawati iliyofifia paani kwa jua. Namba yake ni ya zamani, herufi tatu na tarakimu tatu, bila herufi ya mwisho. Unaikumbuka ile iliyokuwa ikipita nyuma ya nyumba zetu hapa Walukuba jioni, tukaijua kwa mlio kabla haijakata kona? Mlio ni uleule. Injini iko nyuma, inapozwa kwa upepo, rejeta haina. Siku ya kwanza nilipoiwasha nilishika usukani nikanyamaza, machozi yakanilenga. Nilikuwa na miaka minane tena.

Gari la namna hii siku hizi hulipati ila lililobaki humuhumu Uganda. Tangu 2018 sheria yetu inakataza kuingiza magari ya kawaida yaliyotimiza miaka 15, kwa hiyo ukitaka la zamani unalitafuta vijijini, kwenye vibanda na nyuma ya nyumba za watu. Hili lilikuwa Sipi, kule mlimani, kwa mzee mmoja mstaafu, chini ya mabati, pembeni yake kahawa imeanikwa. Tulielewana shilingi milioni 9. Mkewe alituletea chai, na mzee aliponikabidhi ufunguo aliniambia neno moja: "Mwanangu, huyu humshushi mlima kwa breki, unamshusha kwa gia." Nikaitikia kwa adabu, lakini neno lenyewe halikuniingia.

Barabara ya kutoka Sipi kushuka Muyembe ni lami nzuri, kona juu ya kona, upande mmoja jabali, upande wa pili tambarare imelala kule chini mpaka macho yanachoka. Mdogo wangu alikuwa kando yangu. Tulikuwa na furaha, gia ya tatu, na kila kona nagusa breki. Kona ya nne au ya tano nikaona pedali inakwenda chini kuliko mwanzo. Kisha ikawa laini, kama unakanyaga mkate. Ukaja mnuko wa kitu kinachoungua, na kila nikikanyaga gari linavuta kushoto. Mbele yetu palikuwa na boda amebeba mikungu mitatu ya matoke. Nikapampu mara mbili, mara tatu, pedali ikapanda kidogo. Nikarudisha gia ya pili kwa nguvu, injini ikapiga kelele, gari likakubali kupungua. Tulisimama penye kichanja cha muuza nyanya. Mdogo wangu alishuka akatafuta mawe ya kuzuia tairi, hakusema neno. Tulikaa pale karibu saa nzima mpaka ringi zikapoa kiasi cha kuguswa.

Tangu siku ile kila niliyemsimulia ameniambia uliyoniambia wewe, na nilikuwa nakubaliana nanyi. Nilishauliza bei ya seti ya diski za mbele kutoka nje, ikaja karibu nusu ya bei ya gari, ushuru bado. Nilikuwa tayari kuuza cherehani yangu ya pili.

Kilichonigeuza ni siku tuliyofungua.

Fundi wangu ni mzee aliyejifunza kazi enzi magari haya yalipokuwa kila mtaa. Diski hakutaka hata kuzijadili. Alisema tufungue kwanza tuone ni nini kilichoshindwa. Akatoa gurudumu la mbele kulia, akaivuta ngoma, lile bakuli la chuma linalozunguka na tairi na kusuguliwa ndani na viatu vya breki, akaniita nisogee. Somo, kiatu cha breki kilikuwa kinang'aa kama kioo! Akapitisha ukucha juu yake, ukateleza. Akasugua mahali padogo kwa msasa, pakarudi pa kijivu, pana punje. Upande wa kushoto viatu vilikuwa vya aina nyingine kabisa, karibu vipya. Mtu alibadilisha upande mmoja akauacha mwingine, na ndiyo sababu gari lilikuwa linavuta. Akaniambia nikanyage pedali huku yeye akitazama chini, kisha tukabadilishana nafasi ili nione mwenyewe: mpira unaopitisha mafuta ya breki ulitunuka kama koo la chura. Mwisho akafungua kikopo cha mafuta ya breki kule mbele karibu na tairi la spea, akachovya kijiti. Kikatoka na rangi ya kahawa.

Hili la mafuta sikuwa nalijua, na nadhani nawe hulijui. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewani, mwaka hadi mwaka, na sisi tunakaa kando ya ziwa. Ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya hayachemki kabla ya nyuzi 205 za Selsiasi. Yakishanyonya maji, kiwango kinachokubaliwa ni 140 tu. DOT 4 ni 230 yakiwa mapya na 155 yakiwa na maji. Mlimani joto la ngoma huingia kwenye silinda ya gurudumu, ile ndogo inayosukuma viatu, mafuta machafu yakachemka, yakatoa mvuke. Mafuta hayabanwi, mvuke hubanwa. Ule mkate niliokuwa nakanyaga ulikuwa mvuke. Na ngoma nayo ikipata moto hutanuka, ikakimbia viatu, pedali ikazidi kushuka.

Hapo nakupa haki yako yote. Diski ikipata moto hutanuka kuelekea pedi zinazoibana, tena iko wazi inapigwa upepo. Kwa mlima mrefu diski ni bora, sibishi. Na si kulikosea heshima gari, kwa kuwa kobe wa injini ya 1500 alitoka kiwandani na diski za mbele tangu 1966. Lakini yule ana ringi za bolti nne, wangu ni bolti tano. Ningelazimika kutafuta seti iliyotengenezwa kwa bolti tano au kubadilisha ringi zote, na hizi ringi nazipenda. Isitoshe, kwenye ngoma kiatu kinachotangulia kikigusa hujivuta chenyewe kwa mzunguko, mguu ukapumzika. Diski bila kisaidizi cha kuongeza nguvu ya breki zinataka mguu mzito.

Nikauliza: tungefunga diski zako kwenye mafuta yaleyale ya kahawa na mipira ileile iliyovimba, zingenisaidia nini kule Sipi? Fundi akatikisa kichwa. Akanikumbusha kwamba gari lililoshinda mbio za East African Safari za 1962 lilikuwa Volkswagen 1200, ngoma pande zote nne. Nikamjibu kwamba wale walikuwa madereva hodari na mafundi wakiwasubiri njiani. Akasema, "Ndiyo. Breki zao zilikuwa zinaangaliwa."

Kuangalia kwenyewe ni kazi ya mikono, na nimeipenda. Kobe hana breki za kujirekebisha. Kila kiatu kina kigurudumu chenye meno, viwili kila tairi, vinane gari zima. Unaingiza bisibisi kwenye tundu dogo, unasukuma jino moja moja, tik, tik, mpaka tairi ligome kuzunguka, kisha unarudisha meno machache hadi lizunguke huru. Katika vinane vya kwangu, vitano vilikuwa vimeganda kwa kutu. Tuliviloweka usiku kucha. Sasa vyote vinazunguka, na mwezi huu nimerekebisha mwenyewe, fundi amekaa kwenye kigoda anasikiliza tu.

Nimeweka viatu vipya pande zote, silinda za magurudumu mpya, mipira minne mipya, ngoma zimekerezwa zikawa duara kamili, mafuta DOT 4, na upepo wote tumeutoa. Juzi alfajiri niliijaribu barabara ya Masese, hakuna mtu, mwendo wa 50. Nikalegeza vidole kwenye usukani nikakanyaga. Likasimama limenyooka kama uzi wa timazi. Nilirudia mara sita, mpaka mwenye duka akatoka kunitazama.

Upungufu wa ngoma nao nimeuona, sikufichi. Jana mvua ilipiga, nikapita kwenye dimbwi, na mguso wa kwanza baadaye haukushika. Wa pili ukashika nusu. Ngoma zikiingia maji ndivyo zilivyo. Sasa nikitoka majini nagusa breki polepole huku natembea mpaka zikauke.

Sasa ndiyo nafika kwenye masta silinda, somo, nawe katika barua yako hukuigusa. Gari hili lina njia moja tu ya mafuta ya breki. Chumba kimoja kinasukuma tairi zote nne. Mpira mmoja ukipasuka, popote pale, pedali inalala sakafuni na hubaki na kitu ila handibreki na gia. Mimi ni fundi cherehani, nguo zilizoshonwa kwa uzi mmoja zimepita mikononi mwangu: uzi ukikatika mahali, unavuta kidogo tu na mshono wote unafumuka. Ukinifungia diski za bei ghali ukaiacha masta silinda ile, umezitundika kwenye uzi uleule. Nikiwaza kule mlimani, mnuko na mvuto wa kushoto hauniogopeshi sana sasa. Kinachoniamsha usiku ni ule mpira uliotunuka. Ungepasuka kwenye kona, yule boda na matoke yake ningempeleka wapi?

Volkswagen wenyewe waliweka masta silinda ya vyumba viwili kwenye magari yaliyokwenda Marekani kuanzia modeli ya 1967, mbele njia yake, nyuma njia yake. Ukipoteza moja, nyingine inabaki. Gari litasimama mbali zaidi, lakini litasimama. Hilo ndilo badiliko ninalolifanya. Safari yangu ndefu ni kwenda Kampala kununua vitambaa, kilomita kama 80, na mlima mrefu haupo. Pale Namawojjolo, njiani, taksi inasimama ghafla kwa ajili ya mishikaki, na hapo nataka breki zinazoshika mara ya kwanza, kulia sawa na kushoto. Hizo ninazo. Diski zitasubiri. Nikihamia milimani siku moja nitakuandikia tena, na pengine utanishinda.

Basi nakuomba kitu. Nimezunguka Kisekka, soko la spea la Kampala, siku nzima, nimekuta za chumba kimoja tu. Huko Mombasa shemeji anawajua wenye spea za zamani. Aniulizie masta silinda ya vyumba viwili ya kobe wa 1968 kuja juu, aliyekuwa na ngoma. Ya gari la diski asichukue, kwa sababu ya ngoma ina vali ndogo inayobakiza shinikizo kidogo kwenye mabomba. Kipenyo chake ni milimita 19.05, huwa kimeandikwa ubavuni. Kikopo chake cha mafuta nacho kiwe cha vyumba viwili. Kabla hajalipa, aisukume pistoni kwa kidole. Ikirudi kwa kusita, aiache hukohuko dukani hata ikiwa rahisi kiasi gani. Fedha nitatuma kwa simu siku hiyohiyo.

Mzee wa Sipi nimemwahidi kumpelekea gari lake alione Desemba, kahawa ikiwa inaanikwa. Njoo mapema tupande wote. Mdogo wangu amesema atakuja, ila kushuka atakaa nyuma, na wewe utakaa mbele na mimi.

Wasalimie watoto na shemeji. Mama anakusalimu sana, anauliza kama bado unapika ule wali wa nazi aliokufundisha.

Wako,
Somo yako