Barua kwa mwanangu aliyekabidhiwa bustani ya mawaridi

Mwanangu mpenzi,

Habari ya kukabidhiwa bustani ya mawaridi kwenye nyumba ile kongwe huko Uingereza imenifurahisha mno. Hiyo ni amana kubwa, ndiyo maana nakuandikia kabla hujashika jembe.

Umeniambia orodha ya mawaridi unayo tayari. Iweke kando kwanza. Ingia ndani, simama kwenye kila dirisha linaloelekea bustanini, la chini na la ghorofani, uone macho yanavutwa wapi. Mstari unaotoka katikati ya mlango mkuu ndio njia yako kuu. Omba pia ramani na picha za zamani. Njia zilizofukiwa chini ya nyasi hujitaja zenyewe wakati wa ukame: nyasi zilizo juu yake hukauka mapema, mchoro wote ukaonekana.

Mawaridi utachaguliwa na umri wa nyumba. Aina nyingi za zamani za Ulaya huchanua mara moja tu kwa mwaka, kiangazi kinapoanza. Uwezo wa kuchanua tena na tena ulienea kutokana na mawaridi ya China yaliyofika Ulaya mwishoni mwa karne ya 18. Waridi 'La France' la mwaka 1867 wengi hulihesabu kuwa mwanzo wa mawaridi ya kisasa, na rangi ya chungwa kali ni jambo la karne ya 20. Ukiyapanda hayo ya chungwa mbele ya kuta za mwaka 1750, nyumba na bustani zitagombana daima.

Najua mwenye nyumba atataka maua miezi yote. Msikilize, lakini usiyaogope mawaridi ya msimu mmoja. Pale kwenye nyumba ya kale ya Mottisfont, Hampshire, mtaalamu wa mawaridi Graham Stuart Thomas aliyakusanya ya zamani miaka ya 1970 ndani ya kuta za iliyokuwa bustani ya mboga, akachanganya na mimea mingine ya kudumu ili matuta yasibaki matupu. Watu hufurika Juni kuyaona. Kwangu mimi, majuma machache ya utajiri ule na harufu ile yanashinda miezi mitano ya maua machachemachache. Akishikilia, mpe waridi litambaalo, 'Madame Alfred Carrière' la mwaka 1879, ukutani. Ni jeupe lenye wekundu wa mbali, na hurudia kuchanua. Mwandishi na mtunza bustani Vita Sackville-West alilipanda Sissinghurst, Kent, mara tu yeye na mumewe walipoipata nyumba ile mwaka 1930.

Ukuta wenyewe uheshimu. Misumari ya kushikilia waya itoboe kwenye chokaa inayounganisha matofali au mawe, kamwe si kwenye tofali au jiwe; chokaa hurekebishika, tofali la kale halirudi. Nyumba za urithi zina sheria zake, kwa hiyo pata ushauri wa halmashauri kabla ya kugusa ukuta.

Kuhusu udongo nakusihi usikubali kuharakishwa. Palipokuwa na mawaridi kwa miaka mingi, miche mipya hudumaa. Ondoa udongo huo kwa kina cha sentimita 45 hivi, ulete mwingine kutoka mahali ambapo waridi halijawahi kuota, uchanganye na samadi iliyooza vizuri. Chimba shimo, ulijaze maji, urudi kesho yake. Yakiwa bado yamesimama, tengeneza mitaro kwanza. Jua la muda wa saa sita kwa siku na hewa inayopita ni kinga kubwa dhidi ya ugonjwa wa madoa meusi ya majani, na ndani ya kuta hewa hukwama, kwa hiyo usibananishe miche.

Njia iwe na upana wa mita 2. Utaona ni kubwa mno kwenye karatasi, lakini lavenda ikishamwagikia pande zote mbili, watu wawili watapita bega kwa bega bila kuchomwa miiba.

Miche isiyo na udongo mizizini hupandwa Novemba hadi Machi, mradi ardhi haijaganda. Loweka mizizi, kisha fukia kile kifundo ambapo waridi limeunganishwa na shina la mizizi, kidogo chini ya uso wa udongo. Na wale watakaobaki kuitunza waandikie waziwazi: yanayochanua mara moja hupogolewa baada ya maua, kwa kuwa huchanua kwenye matawi ya mwaka uliopita. Akija mtu na mkasi mwezi wa Februari akayakata yote, mwaka huo hakuna maua.

Nitumie mchoro wa njia kabla hujaagiza mche hata mmoja.

Mama yako akupendaye.